Miji ya Vilimani: Makao ya Wazee Wetu katika Buha

Habari za kanisa zimeandikwa na wengine katika kitabu hiki. Mimi nataka kuwaeleza habari za makao, yaani jinsi wazee wetu wa Kasulu na Kibondo walivyokaa juu ya vilima, kabla ya kukusanywa vijijini. Nafanya hivyo kwa sababu watoto ninaowafundisha hudhani ya kuwa nyumba zilizopangwa kando ya barabara ndiyo desturi ya Waha tangu kale. Sivyo hata kidogo.

Nchi ya Buha imeinuka. Ziwa Tanganyika liko kama meta 770 juu ya usawa wa bahari, na msafiri atokaye Kigoma hupanda, akapanda tena, hata afike penye vilima vya Heru na Manyovu, ambavyo vingine vyapita meta 1,500. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai ukungu hujaa mabondeni, na mzee hatoki nje mpaka jua limepata nguvu. Theluji hatunayo, katika nchi yetu ya Tanzania iko Kilimanjaro, mbali sana na kwetu. Nisomapo darasani maneno ya Maandiko yanayotaja weupe wa theluji, watoto huniuliza ni kitu gani. Basi mimi hungoja siku ya mvua ya mawe, nikawaokotea mawe yale uani na kuwatilia mikononi, nikawaambia, “Fikirini mlima mzima umefunikwa hivi.” Hucheka, lakini huelewa.

Katika nchi hiyo ya ubaridi kila baba alikuwa na mji wake. Kwa lugha yetu huitwa urugo. Haukuwa mji wa watu wengi kama Ujiji, bali ulikuwa boma la mtu mmoja, na wake zake, na watoto wake, juu ya mgongo wa kilima. Jirani yake alikaa kilima cha pili, na kati yao palikuwa na mashamba na malisho. Nyumba ilikuwa ya msonge, imeezekwa majani toka kileleni mpaka chini, na moto uliwaka katikati usiku na mchana. Ndama walilala ndani pamoja na watu. Moshi ulipenya katika majani, ukayakausha, ukawafukuza wadudu. Walakini macho ya akina mama yaliumia kwa moshi huo, na jambo hili wasifuo mambo ya kale hulisahau.

Kuzunguka boma palikuwa na migomba, nayo ilistawi kwa samadi ya ng'ombe. Mbele ya migomba palikuwa na maharagwe, mtama na ulezi. Penye ua walipanda mivumu, na gome la mti huo waliligonga mpaka likawa nguo. Jembe lilitoka kwa wahunzi wa Buha wenyewe, waliojua kuyeyusha chuma. Chumvi ilitoka Uvinza. Asali ilitoka katika miti ya pori upande wa Kibondo, na hata leo asali ya huko yasifiwa. Mtu akiwa na kazi kubwa ya kulima, mkewe alipika pombe, na majirani wa vilima vingine walikuja na majembe yao. Asiyekwenda kwa wenzake, siku yake ilipofika alilima peke yake.

Mtu aweza kuuliza, Kwa nini walitawanyika hivyo? Sababu kubwa ni ng'ombe. Chini, katika mapori ya miyombo yanayoshuka mpaka Malagarasi, kuna mbung'o, na ng'ombe hawaishi huko. Juu hakuna vichaka vizito, upepo ni mwingi, na majani ni mafupi. Tena mifugo ya watu wengi ikikaa mahali pamoja humaliza malisho upesi. Basi kila boma lilihitaji nafasi yake.

Wala mtu hakujichukulia kilima kwa kupenda tu. Alikwenda kwanza kwa mteko, ambaye alikuwa mwenye ardhi kwa habari za matambiko na mipaka tangu kabla ya Watusi kutawala. Juu yake alikuwako mwami: wa Heru, wa Muhambwe, wa Buyungu na wengine. Ng'ombe nao walikuwa na sheria yao. Maskini alimwendea tajiri mwenye ng'ombe, akapewa mmoja wa kumtunza. Akapata maziwa na samadi, naye akatoa kazi na utii. Desturi hiyo iliitwa ubugabire. Wengine huieleza kama urafiki mtupu. Mimi nadhani ulikuwa urafiki wa aliye juu na aliye chini, na aliye chini aliujua uzito wake.

Maisha hayo yalipigwa mara nyingi. Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia ikaua ng'ombe wengi mno, na palipo ukoo wa wafugaji pakawa na njaa. Wadachi walitawala, kisha katika vita, mwaka 1916, wakaja Wabelgiji, na mwaka 1921 Waingereza. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na kilimani fedha haikuwapo. Basi vijana walishuka, wakaenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakakaa mwaka, wengine miaka, wengine hawakurudi. Huku nyuma mwanamke ndiye aliyekuwa nguzo ya boma: alilima, aliezeka, alikama, na kumjibu karani wa kodi.

Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulienea upande wa Kibondo. Serikali iliwahamisha watu kutoka katika miji yao ya mbalimbali, ikawakusanya mahali pamoja ili wafyeke vichaka na mbung'o wakose kivuli. Wengi walipona kwa njia hiyo, nasi tusikane. Lakini mahali palipoachwa pori lilirudi, na pamoja nalo mbung'o, hata boma la babu likawa makao ya nyati.

Vilima vya Kasulu vilivyo juu zaidi vilibaki na watu wake. Vikariati ya Kigoma ilipoanzishwa mwaka 1946, chini ya Askofu Jan van Sambeek, walimu wa dini bado walitembea kilima hata kilima. Kuwafundisha watu wa maboma kumi ilikuwa safari ya siku nzima, kushuka na kupanda.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1972, katika Operesheni Kigoma, watu walipoagizwa kuhamia vijijini. Faida zilikuwako: shule, zahanati, na maji kwa wengine. Hasara pia zilikuwako. Mashamba yalikuwa mbali, samadi haikufika tena penye migomba, na migomba ikadhoofu. Mipaka ambayo kila mtu aliijua kwa mti na kwa jiwe ilibaki katika vichwa vya wazee, na wazee hufa. Katika miaka yetu, ndugu wakigombania shamba la kilimani, mara nyingi hakuna tena shahidi aliyelala katika boma lile. Kwa hiyo nawasihi walimu wawatume watoto kwa babu na bibi zao na daftari, wakaandike jina la kilima, na la jirani wa kila upande, na mivumu iliyosimama.

Mimi nilizaliwa kijijini, baada ya kuhama. Bibi yangu alinichukua mara moja kilimani kwake nilipokuwa mtoto. Nyumba haikuwapo, palikuwa na mivumu mitatu iliyokua kuwa miti mikubwa, na katikati ya majani jiwe la kusagia, limechimbika kwa mikono yake na ya mama mkwe wake. Aliniambia ya kuwa siku ya kuhama mzigo ulikuwa mwingi, naye alichukua jiwe dogo la juu tu, akinuia kurudi kwa lile kubwa. Hakupata watu wa kumsaidia kulibeba. Jiwe dogo liko nyumbani kwetu hata leo, na kubwa liko kule kilimani.