Walichokiona Wanakijiji ni Kuku



Watu wa Singida tunataniwa kwa kuku. Rafiki zetu wa Dar es Salaam hawaulizi hali ya wazazi kabla hawajauliza kama umewaletea kuku wa kienyeji. Basi leo nitaanza na kuku, ingawa mazungumzo yangu ni ya sinema.

Zamani za ukoloni, mkaguzi mmoja wa afya alitengeneza filamu fupi, ya dakika tano hivi, kuwafundisha wanakijiji wa Afrika namna ya kuondoa maji yaliyotuama na kuokota makopo matupu. Filamu ilikwenda polepole sana ili kila mtu aelewe. Ilipokwisha, watazamaji zaidi ya thelathini waliulizwa wameona nini. Wakajibu: tumeona kuku. Wenye filamu wakashangaa, kwani hawakujua kwamba ndani yake mna kuku. Wakairudia picha moja baada ya nyingine, na kweli wakamkuta: kuku aliyekurupuka na kupita pembeni kwa muda wa sekunde moja tu.

Kisa hicho kilisimuliwa na John Wilson wa London, na mwanazuoni wa Kanada, Marshall McLuhan, akakitia katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha mwaka 1962. Tangu hapo kimesimuliwa mara nyingi katika vyuo vya Ulaya na Marekani. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mtu asiyezoea kusoma hajui kuitazama picha nzima kwa pamoja, bali jicho lake hudonoa kipande hiki na kile.

Mimi nimezaliwa na kulelewa Singida, na nakataa maelezo hayo. Anayefuga kuku humwona kuku popote alipo. Makopo matupu hayana habari kwake. Kuku anayekurupuka ni habari: je, amefukuzwa na nini, na ni wa nani? Wale wanakijiji waliona kitu ambacho mwenye kamera mwenyewe hakukiona ingawa alikuwa amekipiga picha. Kwa maoni yangu, hao ndio waliokuwa watazamaji hodari siku ile.

Nayasema haya si kwa kuwatetea wakulima wa kale tu. Swali la nani anajua kuona ndilo lililoamua historia ya sinema katika nchi yetu, na mpaka leo halijaisha.

Turudi mwaka 1935. Pale Vugiri, katika milima ya Usambara, Waingereza walianzisha mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Mradi huo ulitokana na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na fedha nyingi zilitoka Shirika la Carnegie la New York. Wakuu wake walikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, aliyetoka katika kazi ya elimu huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Katika muda wa miaka miwili walitengeneza filamu kama thelathini na tano, za kilimo, mifugo, malaria ya watoto wachanga, ngozi, chai, na benki ya akiba ya posta. Sauti ilikuwa katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha, hivyo filamu moja iliweza kusemeshwa kwa lugha mbalimbali. Lori likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Katika filamu ya benki ya posta, watu wawili wanapata fedha. Mmoja anazifukia ardhini, mwizi anamwona, anaibiwa. Mwenzake anaziweka posta, naye anasalimika. Waliocheza walikuwa Waafrika, na hilo halikuwa jambo dogo kwa wakati ule. Lakini aliyeamua nani awe mjinga na nani awe mwerevu alikuwa Mzungu.

Mradi ulifungwa mwaka 1937, serikali za kikoloni zilipokataa kuugharimia. Kati ya filamu zote zile, zinazojulikana kuwa zimesalia ni tatu tu. Moja inahusu safura, nyingine mafunzo ya wahudumu wa mifugo, na ya tatu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Zimehifadhiwa Uingereza. Sura za babu zetu, nyumba zao na mwendo wao viko huko, katika makopo ya watu wengine.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, London iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, chini ya William Sellers, aliyekuwa na uzoefu wa kuonyesha filamu za afya huko Nigeria. Sellers aliweka kanuni: filamu ya Mwafrika iende polepole, jambo moja kwa wakati mmoja, pasiwe na kuruka kutoka mahali hadi mahali, wala mbinu za kamera. Mwaka ule ule, watazamaji wa Marekani na Ulaya walikuwa wanaonyeshwa filamu za John Ford zenye farasi wanaokwenda mbio na risasi kulia. Sisi tulipimiwa uji.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Ilongero kurekodi kipindi kuhusu ufugaji. Baada ya kazi nikaketi na mzee mmoja aliyekuwa kijana kabla ya Uhuru. Nikamwamkia, nikamwuliza kama aliwahi kuliona gari la sinema la serikali.

"Marahaba mwanangu," akaniambia. "Tuliliona. Walitundika shuka jeupe, wakatuonyesha habari za kuogesha ng'ombe. Asubuhi yake bwana mkubwa akatuuliza tumejifunza nini. Tukasema tumejifunza dawa."

"Ndivyo ilivyokuwa, baba?"

Mzee akacheka. "Tulisema hivyo aende zake. Usiku kucha tulikuwa tunabishana juu ya ng'ombe mmoja mwekundu. Yule hakuwa ng'ombe wa huku. Tulitaka kujua ana malisho gani hata akanenepa vile, na mbona hawakuonyesha malisho."

Ndugu wasikilizaji, huo ni uhakiki wa filamu. Mzee yule hakusoma chuo cha sinema, lakini aliuliza swali ambalo mhakiki yeyote wa Paris angelijivunia: katika picha hii, ni kitu gani ambacho hakikuonyeshwa?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Tanganyika iliipa kazi kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili. Ndipo zikatoka Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Nyota wake alikuwa kijana mtumishi wa Idara ya Ustawi wa Jamii, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, ni yule yule aliyekuja kuwa kiongozi wa wafanyakazi, na mwezi Januari mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Filamu zile zilikuwa za kuchekesha na kuonya, na mkono wa serikali ulikuwa dhahiri ndani yake. Hata hivyo watu walizipenda, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliyekuwa mbele ya kamera alisema kama wao na kutembea kama wao.

Wakati Kawawa anaingia madarakani, wageni nao walikuwa wameshafika na kamera kubwa zaidi. Howard Hawks wa Hollywood alipiga picha za Hatari! upande wa Arusha na Momella, akiwa na John Wayne, na filamu ikatoka mwaka 1962. Kwa ufundi haina mpinzani wa karibu. Faru anapolikimbiza gari, unashika kiti. Mpiga picha wake, Russell Harlan, alipendekezwa kupata tuzo ya Oscar. Jina lenyewe ni neno letu. Lakini wenye neno hilo ndani ya filamu hawana la kusema lenye uzito. Wamepita pembeni, kama yule kuku.

Tulipopata vyombo vyetu wenyewe, Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968 na Chuo cha Picha na Sauti katika miaka ya 1970, tulitarajia mambo yageuke. Yaligeuka kidogo. Fimbo ya Mnyonge ilitengenezwa na Watanzania, ikihimiza ujamaa vijijini. Lakini tuseme ukweli, tabia ya kumwuliza mtazamaji "umejifunza nini" haikuondoka na mkoloni. Tuliirithi pamoja na gari lake.

Wakati huo huo huko Senegal kulikuwa na mtu aliyefikiri kwa namna nyingine. Ousmane Sembène, aliyewahi kuwa kuli wa bandari ya Marseille, alikuwa mwandishi wa riwaya. Akagundua kwamba watu anaowaandikia hawasomi Kifaransa, na wengi hawasomi kabisa. Akaenda Moscow kujifunza sinema. Mwaka 1968 akatoa Mandabi, kwa lugha ya Kiwolofu. Ni hadithi ya mzee aliyetumiwa hundi ya fedha kutoka Paris, na kila anapokwenda kuichukua anakuta karatasi nyingine inatakiwa. Tazameni tofauti. Katika filamu ya Vugiri, posta ni mwokozi na mwanakijiji ndiye mwenye kasoro. Katika filamu ya Sembène, mwananchi wa kawaida amesimama dirishani, na tunayeambiwa tumchunguze ni yule aliyekaa nyuma ya dirisha.

Mwaka 1969 likaanza tamasha la filamu la Ouagadougou, ambalo leo linaitwa FESPACO. Huko watazamaji wengi walikuwa Waafrika. Na ilikuwa huko, mwaka 1985, ambapo filamu yetu fupi, Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ilipata tuzo. Ni hadithi ya mwanamke kijana mgonjwa ambaye hospitali imeshindwa kumponya, naye ana hofu ya tangu utoto juu ya waganga wa jadi. Filamu haimwamuru mtazamaji achague hospitali au mganga. Inakaa na hofu yake mpaka tuielewe. Haikutumia hata saa nzima, lakini ilimheshimu anayetazama.

Kuna wanaosema matamasha ni karamu za wakubwa na mavazi yao. Yapo ya namna hiyo. Lakini tamasha lina kazi moja muhimu, nayo ni kuamua macho ya nani yanahesabika. Mwaka 2004, Hubert Sauper wa Austria alipeleka tamasha la Venice filamu yake Darwin's Nightmare, aliyoipiga Mwanza, juu ya biashara ya sangara. Ikapendekezwa kupata Oscar mwaka 2006. Hapa nyumbani tuliijua kwa jina la mapanki, na Rais Kikwete aliishutumu hadharani. Taifa zima likabishana kama mapanki huliwa au hayaliwi.

Nimeitazama zaidi ya mara moja. Sauper ana jicho kali, na watoto wale wa mitaani si watu wa kubuni. Lakini mtu anayeijua Mwanza atauliza kama mzee wa Ilongero: malisho yako wapi? Wako wapi wavuvi wanaojenga nyumba, wanaosomesha, wanaocheka? Kumshutumu mgeni ni rahisi. Jibu zuri lingekuwa filamu yetu wenyewe juu ya ziwa lile, yenye taabu na yenye nyumba, itazamwe Venice na itazamwe Mwanza. Hadi tulipoacha kubishana juu ya mapanki, jibu hilo hatukulitoa.

Sisemi kwamba hatuwezi. Tamasha la nchi za jahazi la Zanzibar, lililoanza kufanyika mwaka 1998, halikubaki Ngome Kongwe tu. Lilipeleka maonyesho mashambani, Unguja na Pemba. Mwaka 2021, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, filamu ya kwanza ndefu ya Tanzania kufika huko. Ni filamu ya Kiswahili, ya mapenzi na mapambano ya kupinga ukoloni, na haiendi polepole kwa kumhurumia mtu.

Nilifurahi niliposikia habari ya Toronto. Kisha nikawakumbuka watu wa Ilongero, Kiomboi na Itigi. Miaka ya nyuma gari lilifunga safari ndefu, katika barabara mbovu, kuwaletea filamu za kuwaambia kwamba hawajui. Leo barabara ya lami imepita, umeme umefika katika vijiji vingi, mashine ya kuonyeshea picha ni ndogo kiasi cha kubebwa kwapani. Kama mkoloni aliweza kuwafikia kwa lori na santuri, sisi tuna udhuru gani wa kutowafikishia filamu zilizo bora, zetu na za kina Sembène?

Na zikifika, nina ombi moja kwa maofisa watakaosimama mbele ya shuka jeupe baada ya picha kwisha. Msiwaulize watu wamejifunza nini. Waulizeni wameona nini, kisha mketi mwasikilize. Na wakisema wameona kuku, basi rudini mkaitazame filamu upya, kwa sababu huenda ninyi hamkumwona.