Spika Iliyochanika: Panki na Wazee Wake wa Rokenroli

Huku kwetu panki ilifika kwa vinyozi kabla ya kufika kwa wapiga gitaa. Kijana alinyoa panki bila haja ya kujua kwamba kuna muziki wenye jina hilo. Mimi niliufuata muziki kwa sababu za kikazi. Natengeneza spika na amplifaya hapa Kariakoo, za bendi za dansi, za makanisa na za misikiti, na kila mteja anataka jambo moja: mkwaruzo uondoke. Kumbe upo ukoo mzima wa wanamuziki waliousaka mkwaruzo huo kwa makusudi. Ukiufuata ukoo wao nyuma, hukomei London ya 1976 wala New York ya 1974. Unafika Memphis, Machi 1951.

Mwezi huo bendi ya Ike Turner ilitoka Mississippi kwenda kurekodi katika studio ya Sam Phillips. Njiani amplifaya ya mpiga gitaa, Willie Kizart, iliharibika. Wengine husema ilianguka kutoka juu ya gari, wengine husema ilinyeshewa. Phillips alisokota karatasi akaijaza ndani kuishikilia koni ya spika, akawasha mashine. Gitaa likatoka likikoroma. Wimbo huo, "Rocket 88", ulitolewa na kampuni ya Chess ya Chicago kwa jina la mwimbaji Jackie Brenston, ukashika namba moja kwenye chati ya rhythm and blues. Wapo wanaosema ndio wimbo wa kwanza wa rokenroli. Ubishi huo nawaachia wenyewe. Kinachonigusa mimi ni kwamba Phillips angeweza kuahirisha kazi hadi amplifaya ipone, na hakuahirisha.

Koni ikiwa nzima husukuma hewa kwa pamoja. Ikichanika, kingo za ule mpasuko hutetemeka kivyake na kuongeza sauti ambazo uzi wa gitaa haukuzitoa. Kwangu huo ni ubovu. Lakini mwaka 1958 mpiga gitaa Link Wray, mtu wa kabila la Shawnee wa North Carolina, aliutaka ubovu huohuo, na kwa kuwa amplifaya yake ilikuwa nzima, akachukua penseli akaitoboa spika. Kifua kikuu kilikuwa kimemwondolea pafu moja, hivyo kuimba hakukumfaa. Gitaa ndilo lililosema. "Rumble" ni ala tupu, haina hata neno moja, na bado baadhi ya vituo vya redio Marekani vilikataa kuipiga kwa hofu ya kuchochea ugomvi wa magenge ya vijana. Miaka sita baadaye, London, Dave Davies wa bendi ya The Kinks, kijana wa miaka 17, alichanja koni ya amplifaya yake ndogo kwa wembe. Kutoka hapo ikazaliwa "You Really Got Me".

Mzizi mwingine ni umaskini wa studio. Mwaka 1963 bendi ya The Kingsmen wa Portland, Oregon, walirekodi "Louie Louie", wimbo ambao Richard Berry, mwanamuziki mweusi wa Los Angeles, aliutoa mwaka 1957. Gharama ya kurekodi haikufika dola 100. Maikrofoni ilining'inizwa juu sana, mwimbaji Jack Ely akawa anainua kichwa na kupiga kelele, maneno yakapotea. Wazazi wakadhani maneno yasiyosikika lazima yawe matusi, na FBI ikafungua uchunguzi. Wachunguzi waliisikiliza santuri kwa kasi mbalimbali, wakaishia kusema haieleweki. Wakati huo vijana katika magereji ya nyumba zao, nchi nzima, walikuwa wameshajifunza kuipiga.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, roki ilikuwa imetajirika. Kulikuwa na solo za dakika kumi, sinthesaiza za bei ya nyumba, na matamasha ya viwanja vya mpira. Mwaka 1972 Lenny Kaye, mwandishi wa muziki wa New York, alikusanya nyimbo za zile bendi za gereji katika albamu ya santuri mbili iitwayo Nuggets, na katika maelezo yake akaziita punk rock. Baadaye akawa mpiga gitaa wa mwimbaji Patti Smith. Kwa hiyo aliyesaidia kuipa panki jina alikuwa mtunza kumbukumbu, na jina lenyewe alilitumia kwa nyimbo zilizokwisha kupita.

Ramones, bendi ya panki ya New York, walirudi vivyo hivyo kwenye nyimbo za zamani, lakini kwa vitendo. Albamu yao ya kwanza, ya 1976, iligharimu kama dola 6,400. Ina nyimbo 14, na haifiki nusu saa. Mmoja kati ya hizo 14 ni "Let's Dance" ya Chris Montez, ya mwaka 1962.

Huko London, Malcolm McLaren, meneja wa Sex Pistols, alianza kwa kuwauzia Teddy boys, vijana mashabiki wa rokenroli, nguo za mtindo wa miaka ya 1950. Duka lake la King's Road mwaka 1971 liliitwa Let It Rock. Ilipofika 1977, Teddy boys hao walikuwa wakipigana na mapanki mitaani, ingawa muziki wao ulikuwa wa ukoo mmoja. The Clash, bendi nyingine ya panki, walilijua deni lao: mwaka 1979 walimchukua Bo Diddley, mkongwe wa rokenroli, awafungulie maonyesho yao Marekani, na mwisho wa mwaka huo wakatoa London Calling, ambayo herufi za jalada lake, za waridi na kijani, zimeigwa kutoka albamu ya kwanza ya Elvis Presley.

Ila jalada lile linamkumbuka Elvis, na wengine hawakukumbukwa hivyo. Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex ambaye baba yake alikuwa Msomali, aliiingiza kwenye panki saksafoni, ala ambayo bila hiyo nyimbo za Little Richard, mkongwe mwingine wa rokenroli, zisingesimama. Ndugu watatu weusi wa Detroit, akina Hackney, walirekodi mwaka 1975 muziki wa kasi ya Ramones kabla Ramones hawajatoa santuri. Bendi yao iliitwa Death. Kampuni kubwa ilitaka wabadilishe jina, wakagoma, na kanda nyingi zikakaa bila kutolewa hadi 2009.

Siku hizi mkwaruzo unauzwa dukani, ndani ya kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, na programu za kompyuta zinauiga bila spika yoyote kuumia. Nikiletewa kifaa cha namna hiyo nakitengeneza vizuri, kikwaruze sawasawa. Urithi wa panki nauona kwingine: kwa bendi inayorekodi leo na amplifaya mbovu, kwa sababu wimbo uko tayari na fedha ya fundi haijapatikana. Bendi hiyo inaninyima kazi, na nadhani ndiyo inayofanya sahihi.