Macho ya sekretariati: kutoka Modena mpaka Himbi

Juzi hapa mmoja wetu alisema hii habari ya kupumzisha macho mbele ya ordinateri imeletwa na simu, ni mambo ya sasa. Hapana bana. Iko na miaka zaidi ya 300.

Ilianzia chooni. Bernardino Ramazzini, daktari wa Modena kule Italia, alimuona mfanyakazi akitoa uchafu katika shimo la choo cha nyumba yake, haraka haraka, akamuuliza kwa nini anajichosha hivyo. Yule akamjibu kwamba ukikaa mule zaidi ya masaa manne, unapofuka. Daktari akayatazama macho yake: mekundu kweli. Akaanza kuwauliza mafundi wa kila kazi, na mwaka 1700 akatoa kitabu kizima juu ya magonjwa yao.

Ndani kuna watu wa kazi ndogondogo, kama mafundi wa saa. Aliwashauri wavae miwani, wasiinamishe kichwa siku nzima, na mara kwa mara waache kazi, watazame kwingine, vitu vya namna nyingi. Katika chapa ya 1713 akaongeza wapanga herufi wa viwanda vya uchapaji. Hao hata wakitoka kazini bado wanaona herufi machoni mpaka usiku. Nikisoma pale ninawawaza dada zetu wa sekretariati za Himbi, wale wanaopiga TFC zetu, kurasa na kurasa za mwandiko ambao hata mwenyewe hausomi vizuri.

Sababu ilikuja nyuma. Mwaka 1855 Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza: ukitazama karibu, msuli mdogo ndani ya jicho unajikaza ili lenzi inenepe, ukitazama mbali, unalegea. Basi kuacha ordinateri na kufungua WhatsApp si mapumziko. Simu iko karibu zaidi!

Mwaka 1993 Wajapani wawili, Tsubota na Nakamori, walihesabu kupepesa macho: mara 22 kwa dakika mtu akiwa ametulia, 10 akisoma kitabu, 7 mbele ya skrini. Ndiyo maana macho yanakauka na kuwasha.

Daktari wa miwani wa California, Jeffrey Anshel, ndiye aliyefupisha yote: kila dakika 20, tazama umbali wa futi 20, karibu mita 6, kwa sekunde 20. Ni rahisi kukumbuka, lakini mimi naona Ramazzini alikuwa mkarimu zaidi, maana yeye alitaja hata masaa.

Hapa Himbi mita 6 si shida. Toka mlangoni tu: Ziwa Kivu upande huu, Nyiragongo upande ule, mita 3,470 kwenda juu. Shida ni kwamba dada analipwa kwa ukurasa, na mteja anakuja saa kumi na moja jioni, depo ni kesho asubuhi. Wenye TFC mwaka huu, pelekeni wiki moja mbele.