Umeme wa Maganda na Miiba, Kusini ya Al Wakrah

Jioni, mtu wa Al Wakrah, nchini Qatar, anafunga mfuko mweusi wa jikoni: wali uliolala, miiba ya samaki, maganda ya machungwa, chupa za maji. Anautoa nje na kuusahau. Mfuko wa aina hiyo safari yake huishia Mesaieed, ndani ya manispaa hiyohiyo ya Al Wakrah.

Zamani pwani hii ilitegemea upepo. Majahazi ya wavuvi na wazamia lulu yalitweka tanga, hakuna aliyenunua nishati ya kuyasukuma. Lulu ilianguka bei kwanza, kisha mafuta yakagunduliwa Dukhan, upande wa magharibi. Bomba likakata jangwa hadi Umm Said, ndilo jina la kale la Mesaieed, na tarehe 31 Desemba 1949 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ikaondoka.

Mwaka 2011 mji huohuo ulifungua kituo kikubwa cha taka za majumbani. Vyuma na vinavyouzika huchambuliwa kwanza. Vinavyooza huingia kwenye matangi yasiyopitisha hewa. Humo bakteria huvila na kutoa methani, gesi inayowaka. Kinachosalia hufanywa mboji. Visivyooza huchomwa tanuruni, joto lichemshe maji, na mvuke uzungushe mtambo wa umeme.

Mfugaji wa Arusha mwenye biogesi ya samadi ataitambua kazi hiyo mara moja. Hata Hale, mkoani Tanga, mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kilowati 150 unaotumia mabaki ya mkonge. Umeme huo ni kidogo, lakini mimi nauona mkubwa: jani la mkonge hutoa singa chache tu, na sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa ikimwagwa ioze, ichafue mito.

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Si kila kinachoungua Mesaieed ni nishati jadidifu. Miiba na maganda yatakuwepo maadamu watu wanakula. Ila chupa, na ule mfuko mweusi wenyewe, ni plastiki, zao la mafuta na gesi, na Mesaieed ina viwanda vinavyoitengeneza. Mfuko ukitupwa tanuruni, moshi wake ni wa kisima cha mafuta. Ndiyo maana kazi ya kituo hiki nzito kuliko zote ni ile ya mwanzo, ya kuchambua, na ingekuwa nyepesi kama wali na chupa visingefungwa pamoja jikoni.