Picha Moja Haidanganyi, Mia Zikiunganishwa...

Leo siandiki kuhusu lugha za programu wala simu mpya. Naandika kuhusu meno ya mama yangu.

Mama hana meno ya chini hata moja. Daktari wake wa meno hapa Nairobi amependekeza vipandikizi vinne vya titani vizamishwe ndani ya taya, kisha daraja moja la meno likazwe juu yake kwa skrubu. Ili daraja hilo litengenezwe, lazima fundi ajue kila kipandikizi kiko wapi hasa. Njia ya zamani ni trei yenye mchanganyiko mzito kama mpira, unakaa nayo mdomoni mpaka igande. Mama akiwekewa trei hiyo hupata kichefuchefu. Njia mpya ni skana, yaani kijiti chenye kamera kinachopitishwa mdomoni.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, si wewe ndiye mtu wa kompyuta? Hiyo mashine haikosei?"

Niliona aibu kusema sijui. Basi nikaenda kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na titani yenyewe. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, kikakataa. Mfupa ulikuwa umeshikana nacho. Mwaka 1965 mgonjwa wa kwanza aliwekewa vipandikizi vyake vya meno mjini Gothenburg, na mwaka 1982, kwenye mkutano uliofanyika Toronto, madaktari wa Amerika Kaskazini wakaanza kuamini.

Huko kushikana ndiko baraka, na ndiko tatizo. Jino la asili limeninginizwa kwenye nyuzi ndogo ndani ya taya, kwa hiyo ukiliuma linabonyea kati ya mikromita 25 na 100. (Mikromita 1,000 ni milimita moja, unywele mmoja una unene wa takriban mikromita 70.) Kipandikizi hubonyea mikromita 3 hadi 5 tu. Maana yake ni kwamba ukikosea kidogo kipimo cha jino, jino litasogea na kukusamehe. Kipandikizi hakisamehi. Daraja likilazimishwa kukaa, mkazo unabaki kwenye skrubu na kwenye chuma, siku baada ya siku. Skrubu inaweza kulegea, au hata kuvunjika.

Sasa tuje kwenye skana. Mwaka 1973 Mfaransa François Duret aliandika tasnifu yake kuhusu kuchukua alama ya meno kwa mwanga badala ya plasta. Wakati huo kompyuta za kufanya kazi hiyo hazikuwepo kliniki yoyote! Kisha huko Zurich, daktari wa meno Werner Mörmann na mhandisi wa umeme Marco Brandestini wakajenga mtambo walioupa jina CEREC. Tarehe 19 Septemba 1985 mgonjwa wa kwanza alitibiwa nao, na mwaka 1987 Siemens wakaanza kuuza. Jino lilipakwa unga mweupe ili lisiakisi mwanga ovyo, kamera ikapiga picha moja, na mashine ikachonga kijazio cha kauri mgonjwa akiwa bado kitini.

Ndugu msomaji, shika hilo neno: picha MOJA. Ilitosha kwa jino moja. Lakini taya zima halienei kwenye picha moja.

Kwa hiyo skana zilizofuata, kama iTero ya 2007 na Lava C.O.S. ya 2008, hupiga picha nyingi na programu huziunganisha. Hapa ndipo nilipocheka peke yangu, maana huu ni ugonjwa ninaoujua. Msingi wa kazi hii ni algoriti iliyoelezwa mwaka 1992 na Paul Besl na Neil McKay: chukua maumbo mawili, tafuta nukta zilizo karibu, sogeza umbo moja, rudia mpaka yalingane. Mradi wangu wa mwaka wa nne chuoni ulikuwa kuunganisha picha za korido ndefu kwa njia kama hiyo. Kila kiungo kilionekana safi kabisa. Lakini nilipofika mwisho, korido iliyonyooka ilikuwa imepinda kama ndizi! Kosa dogo la kiungo cha kwanza lilibebwa na cha pili, la pili likabebwa na cha tatu...

Taya nalo hupinda hivyo hivyo. Andreas Ender na Albert Mehl wa Zurich walichapisha mwaka 2013 vipimo vya taya zima lenye meno, vilivyofanywa maabara. Alama ya kawaida ilikosea wastani wa mikromita 20 hivi. Ya skana mikromita 59 hivi. Walipima mambo mawili tofauti: umbali kutoka kwenye ukweli, na kama ukirudia unapata jibu lile lile. Ni kama kurushia embe mawe. Mawe yote yanaweza kupita pale pale, kando ya embe. Fundi ataona matokeo yanafanana na kuridhika, kumbe yote yamekosa.

Skana zimeboreka tangu wakati huo, na kwa kipandikizi kimoja au viwili vilivyo jirani zinaaminika. Kazi ngumu ni taya lisilo na meno, kama la mama. Ufizi ni laini, una mate, unasogea, na kamera haioni alama za kushikilia. Vigingi vinavyokazwa juu ya vipandikizi ili skana ivione navyo hufanana, kwa hiyo programu inaweza kuvichanganya. Ndiyo maana wengine hutumia kamera za nje zinazoona vigingi vingi kwa pamoja, bila mlolongo mrefu wa kuunganisha. Torsten Jemt na wenzake wa Sweden walichapisha majaribio ya njia hiyo kwa wagonjwa mwaka 1999.

Basi nilimjibu mama hivi: "Mama, mashine inakosea. Trei nayo inakosea. Tumuulize daktari atajuaje kwamba imekosea."

Tukamuuliza. Alisema kabla ya daraja la kudumu atatengeneza fremu ya majaribio, aikaze skrubu moja tu upande mmoja, kisha aangalie kama upande wa pili umeinuka, na apige eksirei. Nikafurahi sana. Hilo ni jaribio, kama tunavyojaribu programu kabla ya kumkabidhi mteja. Mama amechagua skana, kwa sababu ya kichefuchefu, na fremu ya majaribio lazima iwepo.

Nawe ukiambiwa mashine fulani ni sahihi, usitosheke na picha nzuri kwenye skrini. Korido yangu nayo ilipendeza sana pale kwenye skrini. Tuonane wakati mwingine.