Tangi la bahari Kitale na Bungoma: Jinsi ya kutambua kinachoua kamba, kaa na anemoni

KAMBA aliyekuwa akitembea juu ya mawe jana jioni, asubuhi amelala ubavu. Konokono wameanguka kutoka kiooni na hawajigeuzi. Samaki, hata hivyo, wanaogelea kama kawaida.

Mwenye tangi hukimbilia dawa. Mara nyingi dawa hiyo ndiyo humaliza wanyama waliosalia.

Wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo, yaani kamba, kaa, konokono, viti vya pweza, jongoo bahari na anemoni, huumia mapema kuliko samaki maji yanapoharibika. Wengi wao hawana uwezo wa kurekebisha chumvi iliyo mwilini, hivyo maji yakibadilika, nao hubadilika. Ndiyo maana, katika visa vingi, ugonjwa wa mnyama huyu ni ugonjwa wa maji yake.

Kwa mkazi wa Kitale au Bungoma, yapo mambo ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani havimwambii. Makala haya yanayaeleza kwa utaratibu wa kuchunguza, hatua moja baada ya nyingine.

Tazama kwanza nani ameumia

Kabla ya kugusa chochote, hesabu waliokufa na walio hai. Orodha hiyo peke yake hutoa nusu ya jibu.

Iwapo kamba, kaa na konokono wamekufa kwa pamoja ilhali samaki ni wazima, shuku sumu: shaba, zinki au dawa ya kuua wadudu. Iwapo samaki wanahema juu ya maji na kaa wanapanda kutafuta hewa, shuku upungufu wa oksijeni. Iwapo kila kiumbe amedhoofika polepole kwa siku kadhaa, shuku amonia, joto au chumvi.

Iwapo ni mnyama mmoja tu aliyeumia na wenzake wa jamii ile ile hawana neno, huenda amekosa chakula, ameshambuliwa au aliumia njiani.

Hakikisha pia kwamba kuna kifo. Kamba na kaa hujivua gamba wanapokua. Gamba hilo tupu, lenye miguu na macho, limewafanya wengi waomboleze mnyama aliyejificha nyuma ya jiwe akisubiri gamba jipya ligumuke. Usimfukue. Liache gamba la zamani kwa siku moja au mbili, kwani baadhi yao hulila.

Oksijeni katika nyanda za juu

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma takriban mita 1,400. Shinikizo la hewa Kitale ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Bungoma ni kama asilimia 85. Oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho hicho.

Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 hushika takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita yakiwa pwani. Maji hayo hayo yakiwa Kitale hayashiki zaidi ya miligramu 5.4 hivi, na Bungoma 5.7. Hakuna pampu inayoweza kuivuka sana dari hiyo kwa kuingiza hewa ya kawaida. Pampu hulisaidia tangi kuifikia tu.

Funzo ni mawili. Kwanza, weka wanyama wachache kuliko idadi inayopendekezwa kwa tangi la ukubwa wako. Pili, elekeza pampu moja juu ili uso wa maji utikisike mchana na usiku. Hatari huwa kubwa alfajiri, kwa kuwa mwani hauzalishi oksijeni gizani bali huitumia.

Joto na umeme

Mwamba wa matumbawe wa pwani ya Kenya umezoea maji ya nyuzi 25 hadi 29 hivi. Usiku wa Kitale huweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo. Hita ikizimika, tangi dogo hupoa kabla ya mapambazuko. Bungoma kuna joto zaidi, lakini usiku wa mvua nako hauaminiki.

Lenga nyuzi 25 au 26, na uangalie kipimajoto asubuhi na jioni. Mabadiliko ya ghafla huua zaidi kuliko kiwango chenyewe.

Umeme ukikatika, tatizo la kwanza ni hewa, kisha joto. Pampu ndogo ya betri iwe karibu daima. Zungushia tangi blanketi nene, ukiacha uwazi juu ili hewa ipite. Chupa zilizofungwa zenye maji ya moto huweza kuelea humo, moja baada ya nyingine, mradi nyuzi zisipande kwa haraka. Usimlishe mnyama yeyote hadi umeme urejee.

Maji na chumvi

Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Katika kipimo cha haidromita, soma kati ya 1.025 na 1.026. Viti vya pweza na kamba huumizwa na tofauti ambayo samaki haihisi.

Kosa la kila siku ni kuongeza maji ya chumvi pale yanapopungua. Maji yanapokauka, chumvi hubaki. Jazia kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku.

Kosa la pili ni chumvi ya jikoni. Chumvi inayovunwa Gongoni na Marereni katika Kaunti ya Kilifi hutoka baharini kweli, lakini katika mabwawa ya kukaushia, kalsiamu nyingi hutuama mapema na magnesiamu humwagwa na maji ya mwisho. Kinachobaki kwenye pakiti ni chumvi ya kutia mbogani. Kamba huhitaji kalsiamu ili gamba ligumuke, na konokono ili kombe likue. Tumia chumvi iliyotengenezwa kwa matangi ya bahari. Magadi nayo yasitiwe tangini.

Maji ya kukorogea chumvi yanahitaji uangalifu. Maji ya mfereji huwa na klorini, hivyo yapitishwe kwenye kiondoa klorini au yaachwe wazi yakipigwa hewa kwa siku nzima. Visima vifupi katika maeneo ya mahindi huweza kuwa na nitrati itokayo kwenye mbolea. Maji ya mvua ni mazuri, lakini si yale yaliyopita juu ya mabati mapya, kwa sababu mabati hupakwa zinki, nayo zinki ni sumu kwa wanyama hawa. Kifaa cha kuchuja kwa utando, mtu anapokimudu, huondoa mengi ya mashaka haya.

Sumu inayoingia na mkono

Dawa nyingi za kutibu ukurutu wa samaki zina shaba. Shaba huponya samaki na kuua kamba, konokono na anemoni kwa kiwango kile kile. Tibu samaki katika chombo kingine. Mawe na mchanga vilivyowahi kuguswa na dawa hiyo hushika shaba na kuitoa polepole, kwa hiyo visirudishwe kwenye tangi lenye kamba.

Katika eneo la kilimo kuna hatari nyingine. Pareto na dawa zilizobuniwa kwa mfano wake hutumiwa dhidi ya mbu, kupe na wadudu wa mahindi. Kamba na kaa ni jamaa wa karibu wa wadudu, na dawa hizo haziwabagui. Aliyeogesha ng'ombe au kunyunyizia shamba asitie mkono tangini hata baada ya kunawa mara moja. Dawa ya mbu isipulizwe katika chumba hicho, kwani pampu ya hewa huivuta moja kwa moja hadi majini.

Ukishuku sumu, badilisha robo ya maji mara moja, kisha robo nyingine kesho yake, na utie mkaa wa kuchujia uliotengenezwa kwa matangi. Mkaa wa jikoni haufai.

Amonia na tangi changa

Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kugeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Shughuli hiyo huchukua wiki 4 hadi 6. Anayeweka kamba katika wiki ya kwanza anamweka katika choo.

Amonia na nitriti zisomeke sufuri. Nitrati isizidi miligramu 10 kwa lita kwa wanyama hawa. Kiwango cha pH kiwe kati ya 8.1 na 8.4. Kikishuka usiku katika nyumba iliyofungwa madirisha, chanzo chaweza kuwa hewa ya kaboni iliyojaa chumbani, hasa panapowashwa jiko. Fungua dirisha kabla ya kununua kemikali.

Dalili za kila mnyama

Kiti cha pweza kikianza kumeguka au kuota madoa meupe, tazama kiwango cha chumvi cha siku na wiki zilizopita. Madhara yake huchelewa kuonekana, na mara nyingi hayarekebishiki.

Anemoni anayenywea kwa saa chache na kufunguka tena hana neno, kwani ndivyo anavyotoa uchafu. Anayeachama mdomo na kunyong'onyea siku nzima ni mgonjwa. Akipauka, amepoteza mwani unaoishi ndani yake na kumlisha, ama kwa upungufu wa mwanga ama kwa joto. Hicho ndicho kilichoyapata matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi. Akianza kunuka, mtoe mara hiyo.

Jongoo bahari aliyekufa huweza kutoa sumu inayoua tangi zima. Anayeanza kufuga asimnunue.

Safari kutoka pwani

Wanyama hawa husafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani hadi Kitale. Mfuko uliofungwa Mombasa utafika umevimba, kwa sababu hewa iliyo ndani hutanuka shinikizo la nje linapopungua, hasa barabara inapopita Timboroa, karibu mita 2,700 juu ya bahari. Mwambie anayefunga aache nafasi, la sivyo utapasuka njiani.

Ndani ya mfuko, amonia huongezeka, lakini hewa ya kaboni huishusha makali. Mfuko ukifunguliwa, hewa hiyo hutoka na amonia huwa kali upya. Kwa hiyo usipige hewa maji ya safari. Sawazisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, kisha ufungue na upime chumvi. Ikilingana na ya tangini, hamisha mnyama upesi. Ikitofautiana, dondosha maji ya tangi kwa saa moja au mbili, ukipunguza yale ya mfukoni mara kwa mara. Maji ya safari yasimwagwe tangini.

Kabla ya kununua mwingine

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na humo hairuhusiwi kuchukua kiumbe chochote. Matumbawe magumu na kombe wakubwa, popote watokapo, wamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Muulize muuzaji mnyama ametoka wapi na kwa leseni gani.

Baada ya kifo, usijaze pengo wiki hiyo hiyo. Weka daftari kando ya tangi na uandike tarehe, joto, chumvi, amonia, umeme ulipokatika na kilichoongezwa. Vipimo vikitulia kwa wiki 4, jaribu konokono mmoja. Akiishi mwezi mzima, kamba aweza kufuata.

Maji machafu ya tangi yasimwagwe shambani wala mtoni, kwani chumvi huharibu udongo. Na mnyama aliyeishi tangini asirudishwe baharini, hata kwa huruma, asije akawapelekea maradhi wale waliobaki huko.