Wenye Mitambo na Wenye Kalamu: Tarehe Fupi ya Magazeti ya Tanganyika

Mwelekeo wa gazeti, yaani upande linaoutetea katika siasa hata pale linapodai kuwa halina upande, ulitegemea katika Tanganyika mfuko wa mwenye kulipia chapa kuliko imani ya mhariri, na jambo hili lilionekana tangu enzi za Wajerumani. Gazeti la Kiongozi, lililoanza Tanga mwaka 1904 katika shule ya serikali, lilisomwa hasa na walimu, makarani na maakida, ambao wote walikula mshahara wa utawala, kwa hiyo sifa za utawala hazikukosekana ndani yake. Wamisionari nao hawakutaka kuiachia serikali uwanja peke yake: mwaka 1910 Waprotestanti walitoa Pwani na Bara, na Wakatoliki wakatoa Rafiki Yangu. Vita Kuu ya Kwanza iliyazima yote matatu. (Kiongozi hilo lisichanganywe na gazeti la Kikatoliki la jina hilohilo, lililozaliwa Tabora miongo kadhaa baadaye.)

Waingereza walipoimarika walianzisha Mambo Leo, Januari 1923, chini ya Idara ya Elimu. Hakuna aliyetarajia likosoe serikali iliyolizaa, wala halikufanya hivyo. Lakini kulidharau kwa sababu hiyo ni kosa, kwa kuwa kurasa zake za mashairi, ambamo Shaaban Robert alikuwa mmoja wa walioandika, pamoja na barua za wasomaji kutoka kila jimbo, ziliwazoesha watu wa Bukoba na wa Lindi kujibizana kwa lugha moja kama watu wa baraza moja. Serikali ililipa gharama za kuwaandaa wasomaji ambao wapinzani wake wangekuja kuwakuta tayari. Gazeti la kila siku la Kiingereza, Tanganyika Standard, lilifuata Januari 1930 likiwa tawi la East African Standard la Nairobi, na masilahi liliyoyalinda yalikuwa ya walowezi na wafanyabiashara wa Kizungu.

Mwafrika wa kwanza kumiliki gazeti Tanganyika alikuwa Erica Fiah, Mganda mwenye duka Dar es Salaam, aliyeanzisha Kwetu mwezi Novemba 1937. Fiah aliandika juu ya ujira mdogo, elimu haba na Waafrika kubanwa katika biashara, na kwa ukali ambao Mambo Leo isingeuruhusu. Hata hivyo hakuwa na chama nyuma yake wala matangazo ya kutosha, na gazeti lisilo na fedha hutoka pale linapoweza, si pale linapotakiwa.

Hali ilibadilika baada ya TANU kuundwa Julai 1954. Tanganyika Standard halikukipenda chama hicho, na magazeti ya serikali hayakuwa na nafasi kwa ajili yake, kwa hiyo kiliegemea kwanza Zuhra, gazeti la Ramadhani Mashado Plantan, na mwaka 1957 kikaanza kutoa jarida lake, Sauti ya TANU, ambalo halikupita katika kiwanda cha chapa bali lilitolewa kwa mashine ya kurudufu. Udogo wake haukuliokoa: mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa kwa kashfa ya jinai, yaani kuchapisha maneno ya kumvunjia mtu heshima kwa namna inayohesabiwa kuwa kosa la jinai, kwa sababu ya makala iliyowashambulia maafisa wa serikali, yaani wakuu wa wilaya wawili, akahukumiwa kulipa faini ya pauni 150 au kufungwa miezi sita, akalipa. Wahariri wa Mwafrika, gazeti lililoanza mwaka 1957 likiwa upande wa TANU, hawakupewa nafasi hiyo. Walifungwa kwa uchochezi, jina ambalo sheria ililipa neno lolote lililodhaniwa kuwachukiza raia na serikali yao.

Ngurumo ni habari nyingine. Lilianzishwa Aprili 1959 na Randhir Thaker, Mtanganyika wa asili ya Kihindi mwenye kiwanda cha chapa Dar es Salaam, na ingawa liliiunga mkono TANU, halikuwa la chama wala la serikali. Mtambo wake ulikuwa wa kizamani na karatasi zake hafifu, lakini liliuzwa kwa bei ya mtu wa chini na kuandikwa kwa Kiswahili cha mitaani, na kati ya magazeti yote yanayotajwa hapa hakuna lililowategemea wanunuzi wake kiasi hicho.

Chama kilipata gazeti kamili Desemba 1961, lilipoanza Uhuru, kisha The Nationalist la Kiingereza mwaka 1964. Tarehe 5 Februari 1970, miaka mitatu kamili baada ya Azimio la Arusha, The Standard, yaani lile lililokuwa Tanganyika Standard, nalo lilitaifishwa: Rais Nyerere akawa mhariri mkuu kwa cheo chake, na kazi ya kila siku akakabidhiwa Frene Ginwala, mpigania uhuru wa Afrika Kusini. Rais aliahidi kuwa gazeti litakuwa huru kuikosoa serikali, na kwa muda lilijaribu kweli. Lakini mwaka 1971 tahariri iliyoishutumu serikali ya Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti ilimwondoa Ginwala kitini. Aprili 1972 The Standard na The Nationalist yaliunganishwa kuwa Daily News. Ahadi ile ilikuwa ya kweli, ila ilitolewa na mtu yuleyule aliyekuwa na uwezo wa kuitengua, na hapo ndipo udhaifu wake ulipokuwa.

Ngurumo lilifungwa mwaka 1976. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Magazeti, iliyompa waziri mamlaka ya kulifungia gazeti lolote kwa kigezo cha masilahi ya umma, na sheria hiyo ilitumika hadi ilipofutwa na Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya mwaka 2016.